Kumtazama Mlinzi wa Kushoto

Msimu wa kwanza dada yangu aliutazama mpira, na ndiyo maana hakuelewa kitu. Simlaumu, hata mimi niliutazama. Sisi ni watu wa Bukavu tuliohamia Durban, na tangu utotoni kandanda imetufundisha kwamba jicho huenda mpira uendako. Lakini mwanawe, mpwa wangu, alikuwa amepewa kazi ambayo mpira hauifikii kabisa. Alikuwa Marekani, katika chuo kilichomchukua kwa ajili ya ukubwa wa mwili wake na wepesi wa miguu yake, akicheza ule mchezo wao wa kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mwenzake mmoja na kuhakikisha haguswi.

Huyo mwenzake nitamwita mrushaji, maana ndiyo kazi yake: anapokea mpira, anarudi nyuma hatua chache, anatafuta wa kumrushia. Akifikiwa kabla hajarusha, shambulizi limeharibika, na mara nyingine mwili wake pia. Mbele yake husimama watu watano wakubwa, bega kwa bega. Hawarushi, hawadaki, hawakimbii na mpira. Wanazuia tu. Mpwa wangu alikuwa wa mwisho upande wa kushoto.

Mechi tulizitazama saluni kwa dada, mjini, ghorofa ya kwanza, Jumamosi jioni, saa ambayo kule kwao ni mchana. Kwa saluni hiyo ndiyo saa ya pilikapilika, kwa kuwa wanawake wa makanisa yetu wanataka nywele za Jumapili. Simu iliegemezwa kwenye kopo la mafuta mbele ya kioo. Dada alisuka huku macho yake yako pale, na wateja walitazama pamoja naye, watake wasitake.

Mechi ya kwanza ilikuwa haijafika mbali nilipomwona anainamisha uso kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni.

"Mais, lakini refa iko wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mutoto iko anazuia mutu hana mpira."

Nilichelewa kuelewa alichokuwa akikisema. Mpwa wangu alisoma sekondari Queensburgh, akilala kwangu siku za shule, na huko ndiko alikoanza kucheza raga. Dada alikuwa akija kwa teksi kutoka Cato Manor kila mechi ya nyumbani, anasimama kando ya mstari na mwavuli, na sheria za raga alizijua moja moja kwa taabu, kwa kuwauliza wazazi wengine. Sheria moja aliijua vizuri kuliko zote, kwa sababu mwanawe aliadhibiwa nayo mara nyingi: huruhusiwi kumkinga mtu asiye na mpira. Ni kosa, filimbi inalia. Sasa alikuwa anamwona mtoto yuleyule akifanya kosa lilelile kila shambulizi lilipoanza, mbele ya uwanja uliojaa, na hakuna aliyepuliza filimbi. Alidhani mwanawe amekuwa mhuni na refa amehongwa.

"Kule si kosa, yaya," nilimwambia. Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Ndiyo kazi aliyopewa. Anamlinda yule anayerusha."

Akaacha kusuka. "Hapa Durban Wakongomani wote tunalinda magari ya watu. Huyu nimemutuma asome, naye ameenda kulinda mutu?"

Mteja wake, mama wa Kitanzania mwenye duka la simu chini ya jengo, alicheka mpaka kichwa kikamtoka mikononi mwa dada. "Mama, afadhali huyo. Gari halisemi asante."

Kwa hiyo ilibidi nieleze, na kueleza ndiko kunakonilisha. Kazi yangu ni kuwaandaa watu kwa mtihani wa leseni ya udereva, wengi wao Wakongomani na Watanzania ambao Kiingereza cha maswali kinawatoa jasho kuliko usukani. Mazoezi tunafanyia kwenye uwanja mtupu kule Clairwood, malori ya bandarini yakinguruma nje ya uzio. Kila mwanafunzi namwonyesha kwamba kando ya gari kuna eneo ambalo hakuna kioo kinacholionyesha, na dawa yake ni kugeuza shingo. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia husimama ubavu, na mgongo wake huelekea kushoto. Eneo lake lisiloonekana liko huko. Naye hawezi kugeuza shingo, kwa kuwa macho yake yanatafuta wa kumrushia mbele. Basi wamempa mtu awe shingo yake.

"Mwanao ndiye hiyo shingo," nilimwambia dada.

Aliisogeza simu karibu kidogo.

Kutoka siku hiyo tulijifunza pamoja, na kama wewe unayesoma una mtoto au ndugu katika kazi ya namna hii, nakuhakikishia inajifunzika. Jambo gumu ni moja tu, nalo ni kuuacha mpira uende zake. Chagua mtu mmoja, mwangalie tangu mpira unapopitishwa nyuma kwa mrushaji mpaka unapotoka mkononi mwa mrushaji, kisha rudisha picha umwangalie mwingine. Mlinzi mzuri huanza kwa hatua fupi ya kurudi nyuma, bila kukurupuka. Magoti yamekunjwa, makalio yako chini, mikono inamgonga mpinzani kifuani kabla mpinzani hajamgonga yeye. Halafu unamwona anafanya kitu kinachofanana na kutofanya kitu: anabaki katikati. Mpinzani akienda nje, naye nje. Akirudi ndani, naye ndani. Mwili wake daima uko kati ya huyo mtu na mrushaji. Ukiona anainama mbele na miguu imesimama, ogopa.

Tukajipangia maneno matatu ya kumpimia. Salama, kama mpinzani hakusogea popote pa maana. Kasukumwa, kama alirudishwa nyuma lakini akabaki kati. Kapitwa, kama mtu alipita. Dada alikuwa akiyasema kimoyomoyo huku vidole vinasuka, na mara nyingine yalimtoka kwa sauti, mteja akashtuka.

Mwanzoni alikosea pale ambapo kila mtu hukosea, yaani alipima kwa matokeo. Mrushaji akianguka, alisema kapitwa. Mpira ukifika salama, alisema salama. Nikamkumbusha ninachowaambia wanafunzi: mtihani wa leseni hauulizi kama ulifika, unauliza ulifikaje. Unaweza kupita kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani, usigongane na mtu, na bado umefeli. Vivyo hivyo mlinzi anaweza kupitwa vibaya sana na mrushaji akawa ameshaachia mpira, hakuna aliyeona. Na anaweza kufanya kila kitu sawasawa, lakini mrushaji akakaa na mpira kama mtu aliyesahau alichokuja kununua dukani, mpaka ukuta wenyewe uchoke. Hakuna binadamu wa kumzuia mwenzake milele.

Alielewa. Kuelewa, hata hivyo, hakukumpunguzia hofu, kulimwongezea. Aliyekuwa hajui kitu aliogopa mara moja moja. Aliyejua aliogopa kila mpira ulipopitishwa. Pia aligundua kwamba watangazaji wa kule hawamtaji mlinzi ila akikosea. Mechi ikiisha bila jina la ukoo wa mwanawe kutamkwa, alishusha pumzi na kuanza kufagia nywele sakafuni. Mama wa Kitanzania alimwambia siku moja, "Mwenzangu, wewe unaomba mwanao asisifiwe. Sijawahi kuona." Dada akamjibu, "Kaa sawa, nisikukate sikio."

Msimu wa pili mpwa wangu alipewa nafasi ya kuanza. Ndipo ikaja Jumamosi ile.

Saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Mpira ulipitishwa, nami kwa sababu fulani nilikuwa nikimtazama mrushaji, kwa hiyo nilichoona ni mtu akitokea nyuma yake upande wa kushoto, kasi yote, bila mtu kati yao. Mrushaji hakujua. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa. Alianguka na bega chini na yule mtu juu yake, na hakuinuka.

Wakaja madaktari wa timu. Kikaja kile kigari chao kidogo. Mpwa wangu alikuwa amepiga goti mbali kidogo na wenzake, kofia mkononi. Mtangazaji alitamka jina la ukoo wake, akalivunja katikati kama kawaida yao, kisha akalitamka tena.

Dada alizima sauti. Alimaliza kichwa kilichokuwa mbele yake, mstari kwa mstari, na mteja hakuthubutu kusema anaumia.

Usiku huo mwanawe hakupokea simu. Asubuhi hakupokea. Alizoea kumpigia mama yake kila Jumapili kabla ya ibada, kwake ikiwa bado usiku, lakini Jumapili hiyo hakupiga. Kanisani Cato Manor habari ilikuwa imetangulia, maana kipande kile cha video kilikuwa kimesambaa, na chini yake watu wasiomjua walikuwa wameandika maneno ambayo sitayarudia. Akina mama wa kikundi cha maombi walimzunguka dada baada ya ibada.

"Haiko kosa ya mutoto, mama. Ni adui tu."

"Mumuambie asilie. Mpira ni mpira."

Kila mmoja alikuwa amemtumia mtoto ujumbe wa sauti wa kumtia moyo. Walimlea pamoja, walikuwa na haki. Ujumbe wote ulifunguliwa, hakuna uliojibiwa. Mwanafunzi mwenzake wa chumbani, ambaye dada alikuwa na namba yake, aliandika kwamba yuko hai, amejifungia, haendi kula na wengine, na amesema hatarudi mazoezini.

Dada alinivuta mpaka kwenye gari langu, tukaketi milango imefungwa.

"Wewe ndiye unajua kutazama," alisema. "Mutazame. Uniambie kama ni yeye alimuachilia ule mutu."

"Na nikikuta ni yeye?"

"Uniambie."

"Yaya, itakusaidia nini?"

"Kila mutu iko anamuambia haiko kosa yake, na hajibu mutu. Mimi sijui naongea na mutoto gani. Kama wamemuonea, iko maneno yake. Kama alikosea, iko maneno mengine. Nikimupa maneno ya mwingine, atanifungia mulango sawa na wale."

Nilimwahidi. Nikiri kwamba nilienda nyumbani nikiwa na hamu moja tu, kwamba isiwe yeye.

Jumatatu, baada ya mwanafunzi wa mwisho kuegesha gari kati ya nguzo za mazoezi na kwenda zake, nilibaki peke yangu uwanjani Clairwood, nikaegemeza simu kwenye usukani. Nilijua kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa ninampima huyu mtoto, na kipimo hicho kingetumika.

Mara ya kwanza kuitazama, ilikuwa wazi: mtu wa nje kushoto alipita pale ambapo mpwa wangu alipaswa kuwa, na mpwa wangu alikuwa amegeukia ndani. Lakini ngoja. Hapa ndipo wapimaji wengi wa mitandaoni hukimbilia kuhukumu, na ndipo ninapokuomba uwe na subira. Kumwona mlinzi amemwacha mtu si ushahidi kwamba mtu huyo alikuwa wake. Walinzi watano huwa na mpango kabla mpira haujapitishwa. Mara nyingine kila mmoja anamchukua aliye mbele yake. Mara nyingine wote husogea upande mmoja, kama watu wa benchi la kanisa wanaompisha aliyechelewa, na aliyebaki wazi pembeni huachiwa yule mkimbiaji anayesimama kando ya mrushaji. Kama mpango siku ile ulikuwa wa kusogea kulia, basi mpwa wangu alifanya alichoagizwa kwa kugeukia ndani, na aliyekosea ni mkimbiaji.

Nilishikilia tumaini hilo. Mpango hatuusikii, lakini miguu ya wenzake huusema. Kwa hiyo niliwatazama wale wanne, mmoja mmoja, hatua ya kwanza tu.

Wawili wa kulia walirudi nyuma sawasawa, kila mmoja na mtu wake. Wa katikati hakusogea kulia. Alisogea kushoto. Nilirudisha tena, kwa taratibu kadiri simu ilivyoweza. Kushoto. Na mkimbiaji, mpira ulipopitishwa tu, alitoka mbio kwenda kulia kutafuta kurushiwa. Hakutupa hata jicho kushoto, kwa sababu hakuwa na kazi huko.

Lori lilikuwa linapiga honi langoni.

Mpango ulikuwa wazi sasa. Wa katikati alitumwa kumsaidia jirani wa mpwa wangu, yule mlinzi wa ndani kushoto, na mtu wa nje alikuwa wa mpwa wangu peke yake. Hatua yake ya kwanza ilikuwa nzuri, naweza kuapa. Magoti, mikono, kila kitu. Kisha jirani yake akasukumwa, akayumba, mguu ukamteleza, na mpwa wangu akamwona kwa pembe ya jicho. Akanyoosha mkono wa ndani, mwili ukafuata mkono, na mlango wa nje ukabaki wazi.

Nilimjua mtoto huyo. Katika raga, mwenzako akianguka akiwa na mpira, unamfuata upesi, unasimama juu yake kabla hujafikiri, na yeye alikuwa hodari wa hilo. Na kabla ya raga kulikuwa na nyumba ya mama yake, ambamo mgeni aliyefika Durban bila mahali pa kulala alikuta godoro, na mtoto alifundishwa kwamba jirani haangaliwi tu akianguka. Kule mbele ya mrushaji, hilohilo lilikuwa kosa. Msaada unaruhusiwa kama mtu wako hayupo. Wake alikuwepo.

Nikatafuta ya kumpunguzia. Yalikuwepo machache: mrushaji alikawia na mpira, na wa katikati hakuwahi. Lakini nilipojiuliza neno gani kati ya yale matatu, lilikuwa moja.

Kuna jambo lililonitisha kuliko video yenyewe: ningeweza kumwambia dada kwamba mpango ulikuwa wa kusogea kulia. Angeniamini. Hakuna mtu Durban nzima ambaye angenipinga. Nililifikiria hilo njia yote kutoka Clairwood hadi mjini, na nilipopanda ngazi za saluni nilikuwa bado sijaamua.

Jumatatu saluni huwa haina watu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Sema," alisema.

"Kapitwa, yaya."

Hakusogea.

"Aligeuka kumshika jirani yake. Jirani alikuwa anaanguka. Mtu wa nje alikuwa wake. Wengine nao hawakufanya yao vizuri, nitakuonyesha. Lakini ni yeye."

"Aligeuka kusaidia?"

"Ndiyo."

"Si ni mimi nilimufundisha vile?"

Nilimwonyesha video, miguu ya kila mmoja, na aliitazama kwa utulivu, akiuliza maswali, akinirudisha nyuma mahali alipotaka. Kisha akachukua simu yake, akaishika karibu na mdomo, akarekodi.

"Ni mama. Nimekutazama. Miguu ilianza muzuri. Halafu ulimuona mwenzako anaanguka, ukageuka, ukamuacha wako. Nimeona kwa sababu gani. Kosa ni yako, haiko yote, lakini iko yako. Nipigie."

Nilitaka kumzuia asiitume. Tayari ilikuwa imeondoka.

Tukangoja. Alama zikageuka bluu. Dada alianza kupanga vitana ambavyo vilikuwa vimepangwa. Nilisimama dirishani nikitazama watu wa chini bila kuwaona, nikihesabu namna zote ambazo maneno yale yangeweza kumwangukia mtoto aliyejifungia chumbani nchi ya mbali. Nilikuwa nimempa dada ukweli, nao sasa ulikuwa huko, peke yake na yeye.

Simu ililia. Dada akaiweka sauti ya wazi, nadhani ili asiwe peke yake.

"Mama." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hajazungumza muda mrefu. "Nani amekuambia hayo?"

"Mujomba wako alitazama."

"Kocha amesema vilevile. Maneno yaleyale. Wengine wote wananiambia si mimi, si mimi. Eish, mama, nilikuwa naona kama nachizika. Mimi najua ni mimi."

"Ni wewe," dada alisema, kwa upole uleule anaomwambia mteja kwamba nywele zimeungua.

Kijana alilia. Dada alimwacha alie. Mimi ningejaza ule ukimya na maelezo.

Alipotulia, dada aliuliza, "Na ule kijana bega yake?"

"Wamemfanyia upasuaji. Yuko hospitali ya hapa hapa."

"Umeenda kumupa pole?"

"Mama..."

"Umeenda?"

"Ninaendaje? Nitasema nini? Familia yake iko pale. Halafu huku hawafanyi hivyo. Watu wanatuma ujumbe."

"Wewe umetuma?"

"Bado."

"Sikia. Kwetu mutu akiumia kupitia wewe, haungoji akuite. Unaenda. Unabeba kitu ya kula. Haujielezi. Unakaa. Wakikufukuza, umefukuzwa. Lakini unaenda, leo, mbele ya usiku."

"Leo?"

"Leo. Na uvae shati."

Simu ilipokatika, dada aliniuliza kama amekosea. Nilimwambia sijui. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilimfikiria mama wa yule mrushaji, mwanamke nisiyemjua, akifungua mlango na kukuta mlangoni kijana mkubwa kama kabati aliyemwacha mwanawe avunjwe bega. Nilijiuliza huyo mama angefanya nini. Nilijiuliza dada yangu angefanya nini.

Mpwa wangu alipiga kesho yake mchana, nikiwa tena saluni. Alikuwa amekwenda, na kuku wa kukaanga wa dukani, kwa kuwa hakujua apike nini. Mama wa mrushaji alimtazama kwa muda, halafu akamsogezea kiti. Hawakuzungumza sana. Mrushaji alikuwa na usingizi wa dawa, lakini alipoamka na kumkuta, aliuliza swali la mchezo.

"Aliniuliza, mjomba, kama yule mpinzani wa ndani, aliyemsukuma jirani yangu, alikuwa anakuja kweli. Nikamwambia ndiyo, wa katikati alikuwa amechelewa. Akasema, basi yule angenipata pia."

Dada akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilifungua video pale pale. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, lakini nilikuwa nikitafuta miguu. Sasa nilimtafuta yule mpinzani wa ndani. Ni kweli, wa katikati asingemfikia. Kama mpwa wangu asingenyoosha mkono, huyo angemfikia mrushaji, kwa mbele.

"Angemwona anakuja," nilisema polepole. "Wa mbele unamwona. Angeweza kuutupa mpira nje, au kujikunja. Wa nyuma hakumwona."

"Kwa hiyo?" dada aliuliza.

"Kwa hiyo bado ni kapitwa. Ila si nyepesi kama nilivyosema."

"Mjomba," sauti ikaja kutoka simuni, "wewe ungefanya nini?"

"Ningebaki na wangu, nikampigia jirani kelele kwamba anapitwa."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya siku hizo. "Uwanja ule hakuna anayesikia kitu, mjomba. Hata mimi mwenyewe sijisikii."

Sikuwa nimefikiria kelele. Kwenye simu uwanja wote unatoshea kwenye kiganja, na sauti unaipunguza kwa kidole. Nilimwambia hivyo, kwamba hilo sikuliona, na kwamba anifundishe.

Jumatano alirudi mazoezini. Jumamosi hakuanza. Aliwekwa mwingine mahali pake, na dada alimpima huyo mwingine kwa haki ingawa alimpima kwa ukali. Baada ya mapumziko walimwingiza mpwa wangu, nyuma yake mrushaji mwingine, mgeni, aliyeonekana kuogopa kila upande. Dada alimwomba mteja wake radhi, akaweka kitana chini, akasimama. Nami nilisimama. Sitakudanganya kwamba alicheza vizuri. Alisukumwa mara kadhaa, na mara moja alipitwa kabisa kwa nje, mpira ukawa umeshaondoka. Timu ilishindwa.

Mpwa wangu alipokea simu ya mama yake kabla dada hajapata pa kukaa.

"Mama, nakuja kwako, ngoja. Mjomba yuko hapo? Mpe." Alikuwa bado anahema. "Mjomba, ile mara niliyopitwa nje. Uliionaje?"

Nikavuta kiti, nikamwambia kwanza anieleze mpango ulikuwa upi.